Kidege cha Picha Kikilowa Mvua Safarini

Kila zama huleta vyombo vyake, na kila chombo huja na adabu yake ya kutunzwa. Babu zetu walijua kutunza mundu na jembe. Baba zetu walijifunza kutunza baiskeli na cherehani. Vijana wa leo wameshika chombo kingine, nacho ni kile kidege kidogo kisicho na rubani ambacho watu wamezoea kukiita droni. Hupaa wima, husimama angani mahali pamoja kama mwewe anayetazama vifaranga, hupiga picha za umati, za mashamba au za mapaa ya nyumba, kisha hurudi miguuni pa mwenyewe.

Kwa kijana anayeishi kwa kazi ya kupiga picha, chombo hiki si mchezo. Bei yake yaweza kuwa sawa na karo ya watoto kadhaa kwa mwaka mzima. Pengine ni mali ya vijana watatu au wanne waliochanga fedha zao kidogo kidogo. Kikiharibika, kazi yao imekatika. Tena kina uzito, na mapangaboi yake huzunguka kwa mwendo wa kutisha. Kikianguka juu ya watu kitaumiza. Kwa sababu hizi mbili, yaani riziki ya mwenyewe na usalama wa wengine, twataka leo kusema juu ya adui wake mkubwa, naye ni maji. Hatutasema sana juu ya kidege kilichotumbukia ziwani. Tutasema juu ya kile kilicholowa njiani, ndani ya mfuko, mgongoni pa mtu aliyepanda pikipiki. Maana katika nchi yetu ya milima na mvua, ndivyo videge vingi hupata ugonjwa wao.

VIDEGE HIVI VILIFIKAJE KWETU

Watu wengi wa Kivu walianza kusikia habari za ndege zisizo na rubani mwaka 2013. Tarehe 3 Desemba mwaka ule, mjini Goma, jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa, yaani MONUSCO, lilirusha mbele ya wageni ndege zake za upelelezi zisizo na silaha. Zilikuwa kubwa, zenye mabawa, zikihitaji uwanja wa kurukia. Mwezi Mei 2014 mojawapo ya ndege hizo iliona mashua ikizama katika Ziwa Kivu. Habari ikafika upesi, boti zikatumwa, na watu 14 wakaokolewa. Mwaka 2016, huko Zanzibar, vyombo vya namna hii vilitumika kupiga picha za visiwa ili kuchora ramani. Mwezi Oktoba mwaka uleule, jirani zetu wa Rwanda walianza kupeleka damu ya wagonjwa hospitalini kwa njia ya angani.

Kidege cha vijana wetu ni cha ukoo mwingine. Ni kile chenye mikono minne na mapangaboi manne. Mwezi Januari 2013 kampuni ya DJI ya Shenzhen, Uchina, ilitoa chombo chake kilichoitwa Phantom, na tangu hapo videge vya namna hiyo vimeenea ulimwenguni. Vingine vya siku hizi havifiki hata gramu 250. Lakini kadiri vilivyozidi kuwa vidogo na vyepesi, ndivyo nafasi ya kuweka kinga dhidi ya maji ilivyopungua. Videge vingi vya picha vina matundu ya kupitisha hewa ili kupoza mashine, na mahali hewa inapopita, maji nayo hupita. Katika vitabu vya maelezo vinavyouzwa pamoja navyo, watengenezaji wengi huandika wazi kwamba visirushwe katika mvua wala katika ukungu. Bahati mbaya, kitabu hicho ndicho kitu cha kwanza kutupwa.

NJIA MBILI ZA MAJI

Tuchukue mfano wa safari ya Masereka. Nchi hii ya viazi na mboga iko katika milima ya Lubero, si mbali na Butembo, nayo ni nchi ya baridi. Asubuhi ukungu hulala mabondeni. Mchana mawingu hupanda. Na alasiri mvua hunyesha ghafula. Mpiga picha aliyeitwa kwenye harusi hutoka Butembo kwa pikipiki, njia ya udongo, mfuko mgongoni. Mvua ikimkuta mlimani ambako hakuna hata kibanda, maji huingia kwa njia ya kwanza, ile ambayo kila mtu aijua: hupenya kwenye zipu na kwenye mishono ya mfuko, hukusanyika chini, na kidege hukaa ndani ya dimbwi dogo kwa saa nzima. Mara nyingi maji hayo yamechanganyika na tope lililorushwa na gurudumu.

Njia ya pili ni ya siri zaidi, nayo ni umande. Msomaji ameona jinsi chupa ya soda iliyotoka katika baridi inavyotokwa na jasho mezani. Jasho hilo halikutoka ndani ya chupa. Ni unyevu wa hewa ya joto uliogusa kitu cha baridi ukageuka kuwa matone. Basi, kidege kilicholala usiku mzima katika baridi ya Masereka, kisha kikashushwa mpaka joto la Beni au la Kasindi na kufunguliwa papo hapo, hupatwa na jambo lilelile. Matone hutokea nje ya kioo cha kamera, na pia ndani, juu ya vipande vya umeme ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mwenyewe huapa kwamba hakikunyeshewa hata tone moja, naye husema kweli. Hata hivyo kimelowa.

MAJI HUDHURU KWA NAMNA GANI

Wengi hudhani kwamba maji huua mashine mara moja, kama moto unavyounguza karatasi. Sivyo. Maji peke yake, wakati hakuna umeme, huleta madhara kidogo kidogo. Maji na umeme pamoja ndio wabaya. Ndani ya kidege kuna vibao vyembamba vyenye nyuzi za shaba zilizokaribiana sana. Maji ya mvua yaliyochanganyika na tope yana chumvichumvi za ardhi, na chumvi hizo huupa umeme njia mahali usipotakiwa kupita. Hapo umeme huruka kutoka uzi hadi uzi, huunguza, au hula metali kidogo kidogo na kuihamisha upande wa pili. Baada ya siku chache huonekana kutu ya kijani au nyeupe, mfano wa ile tunayoiona juu ya vichwa vya betri ya gari.

Sasa twaelewa jambo linalowashangaza wengi: kwa nini kidege kilicholowa Ijumaa huruka vizuri Jumamosi, kisha huanguka Jumatano ya wiki ya pili. Siku ile ya Jumamosi kutu ilikuwa bado inaanza. Mwenye chombo alifurahi akasema, Kimepona. Kumbe ugonjwa ulikuwa ukikua kimya.

SAA YA KWANZA

Basi, umefika, umefungua mfuko, umeona maji. Ufanye nini? Jambo la kwanza ni lile ambalo mkono hutaka kulivunja: usikiwashe. Kila mtu hutamani kukiwasha ili ajue kama kingali kizima. Kukiwasha huko ndiko huua videge vingi ambavyo vingepona. Kama kilikuwa kimewaka, kizime.

Pili, toa betri mara moja. Toa na kadi ya picha. Ondoa mapangaboi yote manne. Fungua vifuniko vyote vinavyofunguka kwa mkono bila kulazimisha.

Tatu, futa maji ya nje kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzinyuzi. Kigeuze kidege polepole upande huu na huu ili maji yatoke kwenye matundu yalikoingilia. Usikitikise kwa nguvu, maana utayasukuma maji mpaka mahali yalipokuwa hayajafika. Tena kamera yake imening'inia kwenye shingo nyembamba sana inayoweza kuvunjika.

Nne, tazama ni maji ya namna gani. Kama ni mvua safi tu, kukausha kwatosha. Kama ni tope, au maji ya chumvi, au soda iliyomwagika mfukoni, kukausha tu hakutoshi, kwa sababu maji yataondoka na uchafu utabaki. Kadi ya picha isuuze kwa maji safi, uikaushe siku nzima, kisha uisome kwa kompyuta, wala si ndani ya kidege. Kadi hizi ni imara, na mara nyingi picha za harusi hupatikana zote hata kama kidege chenyewe kimekufa.

Usisahau kile kishikio cha kuongozea. Nacho kilikuwa ndani ya mfuko uleule, nacho kina betri na vibao vya umeme. Watu hukausha kidege siku tatu, kisha hushangaa mbona hakitii, kumbe mgonjwa ni kishikio. Kizime, ukikaushe vilevile, wala usikichaji mpaka kikauke.

BETRI HAINA MCHEZO

Hapa twamwomba msomaji asome polepole. Betri ya kidege ni ya lithiamu. Hubeba nguvu nyingi katika mwili mdogo, na ndani yake mna kibao cha umeme cha kuilinda. Maji yakiingia humo, betri yaweza kupata moto yenyewe, pengine si saa ileile, bali baada ya saa nyingi, watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo betri iliyoingiwa na maji isilazwe ndani ya nyumba. Isiwekwe chini ya kitanda wala karibu na nyasi za paa. Iweke nje, mahali pakavu pasiponyeshewa, juu ya ardhi tupu au ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga mkavu, mbali na watoto.

Usiichaji. Usiianike juani juu ya bati, wala usiiweke karibu na jiko. Usiitoboe ili kutoa maji. Ikiwa imevimba, au inanuka harufu tamutamu ya dawa, au ina joto bila kutumiwa, hiyo imekwisha. Funika vichwa vyake kwa utepe wa mafundi wa umeme, uitenge mbali na watu, uulize mafundi wa simu au wa umeme wa jua ni wapi betri zilizokufa hukusanywa. Usiitupe motoni wala chooni. Ikishika moto, waondoe watu kwanza, maana moshi wake ni sumu. Kisha, ukiwa mbali na moshi, mwagia maji mengi ili kuipoza.

Mtu atasema, Betri ni ghali, nitaijaribu mara moja tu. Twamjibu: nyumba ni ghali zaidi, na watoto waliolala ndani yake hawana bei. Betri iliyolowa kweli, dawa yake ni kununua nyingine.

KUKAUSHA NA KUSAFISHA

Hewa inayotembea hukausha kuliko joto kali. Weka kidege kikiwa wazi katika chumba kikavu, mbele ya feni ndogo kama ipo, hata ile ya umeme wa jua. Kigeuze mara kwa mara. Katika nchi ya joto kavu siku mbili au tatu zaweza kutosha. Katika baridi na ukungu wa milima, siku tatu ni kidogo, afadhali tano. Msaada mzuri ni vile vipakiti vidogo vyenye punje ngumu zinazonyonya unyevu, ambavyo hupatikana katika maboksi ya viatu vipya na katika vikopo vya dawa. Kusanya vingi, utie pamoja na kidege ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana, ufunge.

Watu wengi hupendekeza kukizika ndani ya mchele. Sisi hatupendekezi. Mchele hunyonya unyevu kidogo mno kupita hewa yenyewe, tena una unga na vumbi linaloingia katika matundu na kugeuka uji juu ya vibao. Uchukue mchele uupike, kidege ukiache penye hewa.

Vilevile usikiweke juu ya babula. Twajua kwamba katika nyumba za Masereka makaa ndiyo rafiki wa jioni, na kila kitu kilicholowa huletwa pale. Lakini makaa hupindisha plastiki, hulegeza gundi iliyoshika vioo vya kamera, na moshi wake hupaka masizi. Joto lisizidi lile ambalo kiganja hulivumilia muda mrefu bila taabu, yaani nyuzi 40 hivi. Kikausha nywele cha saluni nacho ni kibaya kikitumika kwa moto. Kwa upepo wake wa baridi chaweza kufaa.

Kama tope liliingia, yafaa kidege kifunguliwe. Kazi hii apewe fundi mwenye bisibisi ndogo na mkono mtulivu, yule anayetengeneza simu. Ataosha vibao kwa maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na asidi yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, kisha atapiga mswaki laini kwa spiriti ya isopropili yenye nguvu ya 90 kwa mia au zaidi. Spiriti hii hufukuza maji, nayo hukauka upesi. Ile ya 70 kwa mia ina maji karibu sehemu ya tatu, basi si nzuri sana kwa kazi hii. Wakati wa kuitumia kusiwe na sigara, mshumaa wala jiko, kwa sababu hushika moto upesi. Mafuta ya kupikia na grisi visikaribie kabisa.

KUTAFUTA UGONJWA

Kidege kimekwisha kukauka. Sasa fanya kama mganga mwema: tazama, gusa, sikiliza, kabla ya kutoa dawa. Umeme ukiwa bado haujatiwa, zungusha kila mota kwa kidole. Inayokwaruza au kugoma ina mchanga au kutu katika gololi zake. Mota zenyewe huvumilia maji kuliko watu wanavyodhani. Vibao vinavyoziendesha ndivyo visivyovumilia.

Kisha tia betri nyingine, iliyo nzima na kavu, bila mapangaboi, ukiwasha kwa dakika chache tu. Nusa. Gusa mwili wake. Harufu ya kuungua au joto la mahali pamoja ni alama ya kuzima mara moja.

Kama hakiwaki kabisa, tazama vichwa vinavyogusana na betri. Kutu ya kijani hapo husafishwa kwa spiriti. Kama kinawaka lakini mota moja inatetemeka bila kuzunguka, na mota hiyo huzunguka vyema kwa kidole, basi kibao kinachoiendesha kimeingiwa. Safisha tena, ikiendelea, kibao hicho kibadilishwe.

Kama maandishi ya simu yanasema dira ina kosa, usifanye haraka kukata tamaa. Kipe siku moja zaidi ya kukauka, kisha urekebishe dira nje, mbali na mapaa ya bati, pikipiki na nguzo za chuma, kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji. Chombo kinachopima mlalo wa kidege nacho kirekebishwe juu ya meza iliyo sawa.

Kama kidege kinaonyesha kimepanda mita tatu hali kimelala mezani, hapo mgonjwa ni kipima hewa. Kidege hujua urefu wake kwa kupima mgandamizo wa hewa kwa tundu dogo sana. Tone moja likiziba tundu hilo, kidege hupotewa na hesabu. Chaweza kupanda chenyewe au kushuka chenyewe. Kosa hili ni la hatari kuliko mengi, nalo mara nyingi huisha kwa kukausha zaidi. Vioo vidogo vya tumboni, vinavyotazama ardhi, vikiwa na ukungu, kidege huweza kukataa kutua kikidhani kuna kitu chini yake.

Ukungu ndani ya kioo cha kamera huondoka katika ndoo ya vipakiti kwa siku chache. Kamera ikining'inia bila nguvu au ikitetemeka, tazama utepe mwembamba wa umeme unaopita shingoni pake. Mara nyingi ndio uliochanika au kulowa, nao hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko kamera nzima.

KABLA YA KUKIRUDISHA JUU YA WATU

Hapa ndipo jambo zito lilipo. Mpiga picha amepokea fedha za arabuni kwa harusi ya Jumamosi. Ijumaa mvua imemnyeshea. Jumamosi asubuhi kidege kimekauka nje, kimewaka, taa zake ni za kijani. Wenye harusi wanangoja. Je, akirushe juu ya vichwa vya watu mia tatu, wakiwamo akina mama wenye watoto mgongoni?

Jibu letu ni hapana. Tumekwisha kueleza kwamba kutu hufanya kazi kimya, na kwamba kipima hewa huweza kukosa ghafula. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano. Kwa sababu hiyo mota hulazimika kuzunguka kwa nguvu zaidi ili kukishika kidege angani, na akiba ya nguvu ni ndogo. Mota moja ikigoma, kidege cha mikono minne hakina la kufanya ila kuanguka.

Amwendee mwenye harusi mapema, kabla sherehe haijaanza, amwambie wazi: Mzee, chombo cha angani kimelowa, leo nitapiga picha kwa kamera ya mkono, na ile sehemu ya malipo ya angani nitaipunguza. Atapoteza fedha kidogo. Hatapoteza jina lake. Lakini jicho la mtoto likitobolewa na pangaboi, hakuna malipo yatakayolirudisha.

Jaribio la kweli lina ngazi zake. Ngazi ya kwanza ni ile ya mezani, bila mapangaboi. Ya pili ni katika uwanja mtupu, siku isiyo na upepo: kipande urefu wa mtu, kikae dakika mbili, kitue, ushike mota zake uone kama mojawapo ina joto kuliko nyingine. Ya tatu ni mita kumi, dakika tano, kikienda mbele na nyuma. Rudia yote baada ya siku chache, na tena baada ya wiki mbili. Kikishinda majaribio haya yote bila kosa, hapo kirudi kazini, kwanza juu ya mashamba na mito, ndipo baadaye kandokando ya umati. Kisiruke kabisa moja kwa moja juu ya vichwa vya watu. Sharti hilo lafaa hata kwa kidege kipya.

Na hapa twasema neno kwa wale wanaomiliki chombo kwa ushirika. Aliyekiazima kikalowa mkononi mwake na aseme jioni ileile. Akificha kwa aibu, mwenzake atakiwasha kesho bila kujua, na kosa dogo la mvua litakuwa hasara ya wote. Nao wenzake wasimpigie kelele hata ajute kusema kweli. Mvua haikuletwa naye.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Kabla ya safari, kitie kidege ndani ya mfuko wa nailoni mzito uliofungwa mdomo, ndipo ukitie ndani ya begi lake, na begi lifunikwe kwa turubai. Nunua mfuko wa plastiki mgumu wenye kukunjwa mdomo kama unapatikana. Weka vipakiti vya kunyonya unyevu ndani, vibadilishwe mara kwa mara. Betri zibebwe mbali na kidege, kila moja katika mfuko wake. Anayesafiri kwa ndege azichukue mkononi, asizitie katika mizigo ya chini; kanuni za safari za angani zakataza betri za akiba kuwekwa huko.

Ukishuka kutoka milimani kwenda penye joto, usifungue mfuko upesi. Uache umefungwa saa moja au mbili, mpaka vitu vya ndani vilingane na joto la nje. Umande utashika nje ya mfuko, si ndani ya kamera. Ukipanda kwenda penye baridi, usifunge mfukoni hewa yenye unyevu wala kitambaa kibichi. Na mvua ikianza wakati kidege kiko angani, kishushe mara ya kwanza unapoona tone, usingoje la pili.

Kuna kinga nyingine isiyohusu mvua, ila haifai kuiacha. Kivu ya Kaskazini ni nchi iliyojeruhiwa na vita. Tarehe 6 Mei 2021 mkoa huu, pamoja na Ituri, uliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Mtu anayerusha chombo hewani bila ruhusa aweza kudhaniwa kuwa mpelelezi, na mlio wake huwatia hofu watu waliokwisha kukimbia vijiji vyao. Basi, hata jaribio dogo la uwanjani lisifanywe kabla ya kuomba ruhusa kwa wenye mamlaka na kuwaarifu wakubwa wa mahali na majirani. Fundi aliyeponya kidege chake kwa siku tano asikipoteze kwa dakika tano za kutouliza.

Ndugu vijana, tumesema mengi, lakini yakumbukeni matano: msiwashe, toeni betri, laleni mbali nayo, kausheni kwa subira, jaribuni mbali na watu. Wahenga walisema, Haraka haraka haina baraka. Hawakuwahi kuona droni, lakini neno lao latosha kuokoa nyingi.